Sote Wawili Tucheze, Lakini Huyu wa Tatu Ni Nani?

Kila linapotangazwa toleo la pili la gemu inayopendwa, maswali mawili hutangulia mengine yote. La kwanza: tutaweza kucheza pamoja? La pili: itapachika nini ndani ya kompyuta yangu? Kikundi chetu ni cha watu watatu, na maswali hayo yana wenyewe. Mmoja tunamwita Kochi, kwa sababu hajali hadithi wala michoro. Anataka nafasi ya mchezaji wa pili pembeni yake kwenye kochi, basi. Mwingine ni Mwanasheria, asiyetazama video ya tangazo kabla ya kusoma masharti ya leseni hadi mstari wa mwisho. Mimi niko katikati yao, na tangu tuanze kusubiri mwendelezo ambao sote tunautaka, kazi yangu imekuwa kusikiliza.

“Wewe unaogopa hata kivuli chako,” Kochi humwambia mwenzake. “Cheza gemu, kaka.”

“Nicheze na kitu kinachoamka kabla sijaingiza hata nywila yangu?”

Nimewasikiliza vya kutosha, na nadhani hawana ugomvi. Wanalalamikia jambo moja, kila mtu kutoka upande wake: nani anaumiliki uzi unaounganisha mchezaji na mwenzake. Zamani uzi huo ulikuwa wetu. Kampuni zilipouchukua zikapata sababu ya kuingia ndani zaidi, na leo tunaambiwa kwamba bila wao kuingia hatuwezi kucheza pamoja.

Chukua StarCraft, gemu ya mikakati ya vita. Ile ya 1998 ilikuwa na namna ya usakinishaji ambayo vijana wa leo ukiwasimulia watadhani unatunga. Mwenye diski aliruhusiwa kuwawekea marafiki zake toleo pungufu kwenye kompyuta zao. Halikuwa na hadithi ya mchezaji mmoja, lakini liliweza kujiunga na mchezo wake kupitia mtandao wa ndani, yaani kompyuta zilizounganishwa zenyewe kwa zenyewe. Kampuni yenyewe ndiyo iliyoiweka njia hiyo, mchana kweupe. Waliona kwamba rafiki aliyeonja leo atanunua kesho. Mwaka 2010 ikaja StarCraft II, na mtandao wa ndani haumo kabisa. Kompyuta mbili mezani, zimepakana, na kila amri ya kumsogeza askari inapitia kwanza kwenye mfumo wa kampuni. Sababu zilizotolewa zilikuwa uharamia na ubora wa huduma. Wachezaji walipinga sana, na mashindano ya kulipwa yaliwahi kukwama kwa sababu muunganisho ulikatika, ilhali wachezaji wenyewe walikuwa ukumbi mmoja.

Hapo hakuna draiva wala kerneli, yaani programu iliyoingizwa hadi kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta; ni kipengele tu kilichoondolewa. Lakini kwangu ndipo habari yote inapoanzia. Watu wawili wakishaweza kukutana kupitia mlango wa kampuni tu, mlango huo utahitaji mlinzi, na mlinzi atadai vifaa vya kazi.

Kochi hapendi nikianza historia. Yeye kinachomuuma ni skrini iliyogawanywa, na hapo nakiri ana hoja. Kuna jambo linalotokea watu wawili wanapogawana kioo kimoja ambalo kipaza sauti hakijawahi kulileta. Unamwona kwa pembe ya jicho anavyoegemea upande pamoja na gari lake, kana kwamba bega ndilo linalokata kona. Unachungulia nusu yake kujua adui katokea wapi, naye anakulaani kwa kuchungulia huku na yeye macho yako kwako. Risasi zikibaki kasha moja mnalikimbilia wote, aliyelikosa anabonyeza kitufe cha kusimamisha mchezo, na kesi inasikilizwa hapohapo.

Halo, gemu ya kufyatua risasi, ilijengewa jina na watu wa namna hiyo tangu 2001, wakiimaliza hadithi nzima wakiwa wamekaa pamoja. Halo 5, mwaka 2015, ikaondoa skrini ya kugawana, na tukaelezwa kwamba lengo ni picha 60 kwa sekunde bila kuyumba. Wapenzi wake walikasirika mpaka mwaka 2017 mkuu wa studio, Bonnie Ross, akaahidi hadharani kwamba gemu zao zijazo za kufyatua risasi zitakuwa nayo daima. Halo Infinite ikatoka Desemba 2021 bila ushirikiano wowote kwenye hadithi. Septemba 2022 studio ikatangaza kwamba skrini ya kugawana kwa hadithi imefutwa, na miezi michache baadaye ukaletwa ushirikiano wa mtandaoni peke yake. Kilichowachoma watu zaidi ni kwamba wachezaji waligundua hila ya kuzungusha menyu, na skrini ya kugawana ikawaka. Ilikuwemo ndani muda wote, haijakamilika, lakini inachezeka.

Tuwe wakweli lakini, jambo lenyewe ni gumu. Wachezaji wawili wakigawana skrini, mashine inachora dunia mara mbili kutoka kamera mbili. Wakiachana, mmoja mlimani na mwingine bandarini, kumbukumbu inapaswa kubeba mlima na bandari kwa wakati mmoja. Gemu ya Baldur's Gate 3 ilichelewa kufika kwenye konsoli za Xbox kwa sababu hiyo: Xbox Series S haikumudu skrini ya kugawana, na gemu ilipotoka huko Desemba 2023, mashine hiyo ndogo iliachwa bila kipengele hicho. Kwa hiyo studio ikisema “hatuwezi,” huenda ni kweli haiwezi. Nachokataa ni pale “hatuwezi” inapotumika kuficha “hatutaki mcheze mahali ambapo hatuwaoni.”

Mwanasheria akifika hapa hutabasamu, kwa sababu zamu yake imefika.

Programu vamizi zina umri mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Katikati ya miaka ya 2000 kulikuwa na StarForce, kufuli la diski lililosakinisha draiva zake ndani ya Windows. Lilichukiwa hadi kampuni ya gemu ya Ubisoft ikaachana nalo mwaka 2006. Kisha SecuROM, kufuli jingine, ikapata umaarufu wake mbaya. Spore ilipotoka Septemba 2008, mnunuzi alipewa ruhusa ya kuisakinisha mara 3 tu. Baada ya hapo alitakiwa kupiga simu kujieleza. Wanunuzi waliijaza Amazon nyota moja moja na kesi ikafunguliwa Marekani. Tovuti ya TorrentFreak iliiweka Spore kileleni mwa gemu zilizoshushwa kiharamia mwaka ule. Haramia hakuwa na kikomo chochote cha usakinishaji. Aliyehesabiwa mara 3 ni yule aliyelipa.

Baadaye likaja sharti la kuwa mtandaoni muda wote, hata kwa mtu anayecheza peke yake. Diablo III, Mei 2012: mamilioni wamelipa, wamekaa tayari, na skrini inawaonyesha kosa namba 37, yaani seva zimezidiwa. SimCity ya Machi 2013 ilianguka vilevile siku za kwanza, na ilichukua mwaka mzima kabla haijaletewa namna ya kuchezwa nje ya mtandao. Denuvo nayo, kufuli la kuzuia kopi lililoanza na FIFA 15 mwaka 2014, sitaisimulia sana, maana imeshabishaniwa hadi imechosha. Itoshe kutaja Resident Evil Village ya 2021: kopi iliyovunjwa kufuli ilikwenda laini kuliko ya kununua, na Capcom, kampuni iliyoitengeneza, ikalazimika kutoa sasisho. Kwangu mimi hilo ni la aibu kuliko hata kosa namba 37.

Lakini kufuli la kuzuia kopi halinisumbui kama hawa walinzi wa kuzuia udanganyifu wanaoishi kwenye kerneli. Kerneli ndicho kiini cha mfumo endeshi. Programu za kawaida zikitaka kusoma faili au kutumia kumbukumbu zinaomba, na kerneli ndiyo inayotoa au kunyima. Draiva iliyokaa huko haiombi. Inaona kila kinachoendeshwa, na ikikosea, hakuna wa kuikamata, mashine nzima inaanguka. Julai 19, 2024 dunia iliona somo hilo kutoka nje ya gemu kabisa: sasisho bovu la CrowdStrike, programu ya usalama iliyokaa huko huko, liliangusha kompyuta za Windows takriban milioni 8.5, na ndege zikashindwa kuruka.

Wanaotetea walinzi hawa husema wadanganyifu nao wamehamia kwenye kerneli, kwa hiyo ni lazima wafuatwe. Ni kweli, wamehamia. Lakini angalia yaliyotokea walinzi walipojengwa ovyo. Septemba 2016 Capcom iliiletea Street Fighter V sasisho lenye draiva ya kuzuia udanganyifu, na draiva hiyo ikazima kinga muhimu ya prosesa na kuruhusu programu yoyote kuendesha amri zake ndani ya kerneli. Waliirudisha nyuma haraka baada ya kelele. Mwaka 2022 kampuni ya usalama ya Trend Micro ikaeleza kisa kibaya zaidi. Wadukuzi waliichukua draiva ya Genshin Impact, wakaipeleka kwenye kompyuta ambazo gemu hiyo haikuhitajika hata kuwemo, wakaitumia kuzima antivairasi, kisha wakafunga mafaili na kudai fedha. Draiva ilikuwa na saini halali, Windows ikaiamini. Maana yake huhitaji kuwa mchezaji ili mlinzi wa gemu akudhuru.

Mimi mwenyewe niliwahi kuiondoa gemu moja baada ya kuichoka. Nikaiondoa kwa njia ya kawaida, nikathibitisha, nikaona nafasi ya diski imerudi. Siku nyingine, nikitafuta kitu kingine kabisa kwenye orodha ya huduma za Windows, nikakutana na jina la herufi zisizosomeka, mwishoni .sys, na pembeni yake imeandikwa kwamba inaendeshwa. Gemu haipo, mlinzi yupo. Nikajaribu kuifuta, mashine yangu ikanijibu kwamba sina ruhusa. Niliitoa hatimaye kwa kuiwasha kompyuta katika hali salama, nikafuta kwa mkono, huku nikiwaza ni wangapi wanayo na hawatakaa waifungue orodha ile.

Pamoja na hayo, kwenye mashindano ya watu dhidi ya watu naielewa hoja yao. Ukiuawa mara ya tano na mtu anayekuona kupitia ukuta, falsafa ya faragha inayeyuka kidogo. Riot ilipotoa Valorant mwaka 2020 na mlinzi wake Vanguard anayewaka pamoja na kompyuta, wengi walilalamika na wengi zaidi wakakubali, kwa sababu cheo chao kwenye orodha kina thamani kwao. Hayo ni makubaliano ya watu wazima, na asiyetaka ana gemu nyingine za kuchagua.

Kwenye gemu ya ushirikiano, tunalindwa dhidi ya nani? Sote tuko upande mmoja. Adui ni roboti na wadudu, na hawajawahi kulalamika kwamba nimewaonea.

Helldivers 2 ndiyo iliyonifanya nione kwamba Kochi na Mwanasheria wana kesi moja. Ya kwanza, ya 2015, ilitazamwa kutoka juu na mlicheza hadi wanne kwenye skrini moja. Ya pili, iliyotoka Februari 2024, imehamia nyuma ya bega la mchezaji, mtandaoni tu, na kwenye PC imekuja na nProtect GameGuard, mlinzi wa kerneli. Kochi kapoteza kochi lake na Mwanasheria kapata mgeni, katika gemu ileile, siku ileile. Nao wakawa wanalaumiana wao kwa wao!

Nitaitendea haki hoja ya upande wa pili. Gemu ile inawaunganisha watu wasiojuana, na mdanganyifu akiingia kwenye misheni anaweza kuwamwagia wenzake maelfu ya sampuli (vitu vya kuokotwa mchezoni) ambazo walipaswa kuzitafuta kwa majuma. Mchezo unaisha ladha, na aliyemwagiwa hakuomba. Vita vya sayari navyo ni vya pamoja, matokeo ya kila kikundi yanaingia kwenye hesabu ya wote. Sawa. Lakini nyuma ya hoja hiyo kuna Super Credits, sarafu ya duka la ndani, ambayo unaweza kuiokota kwenye misheni au kuinunua kwa fedha halisi. Hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe ana sababu nzuri sana ya kutopenda iokotwe kwa hila. Tukifunga chumba chetu watu watatu tunaojuana, tukaacha sampuli zetu humo humo na duka likabaki nje, sioni kazi ya mlinzi. Huyu ni askari wa getini anayedai ufunguo wa chumba cha kulala, na ukimuuliza kwa nini, anakuonyesha duka la bosi wake.

Mei 2024 ikaongezwa chumvi kwenye kidonda. Sony, inayoichapisha gemu hiyo, ikatangaza kwamba wachezaji wa PC watalazimika kuunganisha akaunti ya PlayStation Network, huduma yake ya mtandaoni. Nchi nyingi hazina huduma hiyo kabisa, na Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ikaiondoa gemu sokoni kwenye zaidi ya nchi na maeneo 170. Zilipomiminika tathmini mbaya zaidi ya 200,000, Sony ikarudi nyuma ndani ya siku chache. Watu walishangilia, mimi pia nilishangilia. Ila GameGuard ilibaki palepale, na sikusikia kelele za namna ile. Fomu ya akaunti inaonekana kwa macho. Draiva haionekani.

Kwamba mambo yanaweza kufanywa vingine, ushahidi upo na hautoki kwa masikini. Baldur's Gate 3 ni mwendelezo, ilisubiriwa miaka zaidi ya 20, na ilitoka Agosti 2023 bila Denuvo. Kwenye GOG, duka jingine la mtandaoni, unaishusha bila kufuli lolote. Mnacheza wanne mtandaoni, au mnaunganisha kompyuta zenu moja kwa moja bila kumpitia mtu, au wawili mnagawana skrini. Ikashinda tuzo ya gemu ya mwaka kwenye The Game Awards na ikauzwa mamilioni. It Takes Two ya 2021 nayo ilikuja na pasi ya rafiki: mmoja ananunua, mwenzake anacheza bure. Ukiitazama vizuri ni ile njia ya StarCraft ya 1998 imerudi kwa jina jingine. (Hata hivyo walioinunua Steam walilazimishwa kuwa na programu ya pili ya EA, kampuni iliyoichapisha, juu yake. Kheri haiji peke yake.)

Na kuna Resident Evil 5, ambayo Kochi huitaja akitaka kutufurahisha sote wawili. Kwenye konsoli ilikuwa na skrini ya kugawana. Ilipohamia PC mwaka 2009 ilifungwa kwenye Games for Windows Live, programu ya Microsoft ya kuunganisha wachezaji, na skrini ya kugawana haikuja nayo. Wachezaji wakaitengeneza wenyewe kwa marekebisho ya mkono, kila mtu na faili zake na maelekezo yake. Games for Windows Live ikazikwa, na ni 2023 ndipo sasisho rasmi lilipoileta skrini ya kugawana kwenye PC. Programu iliyodai kutuunganisha ilikufa, na kochi likaishi kuliko yeye.

Sasa kuhusu huu mwendelezo wetu. Tangu Oktoba 2024 Steam inawataka watengenezaji waandike kwenye ukurasa wa gemu kama ina mlinzi wa kerneli, kwa hiyo hatutahitaji kungoja mpaka tulipe ndipo tujue. Ninachotaka kuona kwenye ukurasa huo ni kidogo. Kama kuna mlinzi, awe wa mashindano tu, asiwake tukicheza wenyewe kwa wenyewe, na aondoke gemu ikiondoka. Kama kuna ushirikiano, kuwe na njia moja angalau isiyopitia seva zao, kwa sababu seva huzimwa. The Crew, gemu ya magari, ilizimwa Machi 31, 2024, na waliokuwa wameinunua hawakubakiwa hata na njia ya kuendesha gari peke yao. Hasira ya pale ndiyo iliyozaa kampeni ya Stop Killing Games, iliyovuka saini milioni moja kwenye ombi la raia wa Umoja wa Ulaya mwaka 2025.

Kochi ameshasema atanunua siku ya kwanza hata wakiweka walinzi watatu. Mwanasheria naye, kumbe, hataki kubaki nje wenzake wakicheza. Ametafuta diski ya akiba na atasakinisha Windows nyingine humo, ya gemu hiyo tu, isiyo na barua pepe wala nyaraka. Nikamuuliza kama draiva iliyokaa kwenye kerneli ya Windows hiyo ya pili haiwezi kuiona diski yake kubwa, maana zote zimechomekwa kwenye mashine moja. Alifikiri kidogo, akasema basi kila tukitaka kucheza atafungua kasha la kompyuta na kuchomoa waya wa diski kubwa kwanza. Kochi ameuliza itachukua dakika ngapi.